Mashine, Vyuma na Kifua cha Shija

Siku mliyoniandalia chai ya kuniaga, kabla sijamaliza hata andazi la kwanza, mmoja wenu akaniuliza lile swali. "Mama Kulwa, tuachie neno la mwisho. Kwa mazoezi ya kifua, mashine au vyuma?" Chumba kizima kikanigeukia kama vile naenda kusoma hukumu. Nikasema koo limekauka, nikaomba chai. Ukweli ni kwamba nilitaka kurusha kikombe.

Swali hilo nimeulizwa na wachimbaji, madereva, mapadri, walinzi wa geti na mume wangu kitandani. Kila anayeliuliza ana jibu lake tayari, anachotaka ni mimi nimuunge mkono ili akamshinde mwenzake kilabuni. Sasa nimestaafu, nina muda, na mihogo yangu haina haraka. Nitaandika mambo yalivyokuwa, ninyi mliobaki kwenye chumba kile msome mjue kwa nini nimechoka. Habari za vyeo na mishahara sitaziweka. Waliokuwa navyo waandike wao.

Nilianza kazi Geita, kwenye zahanati ya mgodi wa dhahabu, miaka ya sitini, wakati mgodi ule bado unapumua. Nilikuwa nimetoka mafunzoni kama msaidizi wa tiba ya viungo, msichana wa kijiji cha Didia mwenye mikono myembamba na Kiswahili kilichojaa Kisukuma. Siku ya kwanza nilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Nikaingia kwenye chumba cha mazoezi, nikamkuta Bwana Alfonsi, mzee mfupi mwenye kifua kama pipa, aliyewahi kufundisha mazoezi jeshini enzi za mkoloni. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wangu wa kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ufagio uko nyuma ya mlango."

"Mzee, mimi sikuja kufagia. Nimekuja kufundisha wagonjwa mazoezi."

"Najua ulichokuja kufanya. Utawalaza sakafuni, na sakafu ina mchanga. Fagia."

Nikafagia. Nilinuna siku nyingi, hadi nilipowahi asubuhi moja nikamkuta yeye mwenyewe anafagia, ameinama, anahema, na wala hakuona ajabu yoyote.

Vyuma vyetu vilitengenezwa karakana. Chuma kirefu kilikuwa ekseli iliyochongwa, na uzito wa kuweka pembeni ulikuwa magurudumu ya vigari vya kubebea mawe mgodini. Hakuna gurudumu lililolingana na jingine. Ukichukua mawili yaliyoonekana mapacha, mtu akilala kwenye benchi na kusukuma, chuma kinaelemea upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Bwana Alfonsi aliyabeba yote mpaka kwenye mizani ya kupimia pamba, akayapanga yaliyokaribiana, akayapaka rangi: nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Wachimbaji wakaanza kubishana kwamba bluu ni ya timu fulani ya mpira, hawawezi kuigusa. Huo ndio ulikuwa utangulizi wangu wa kufanya kazi na wanaume wenye vifua.

Zoezi la kifua alinifundisha kwa mpini wa ufagio uleule. Lala benchini, miguu sakafuni, mabega yavutwe nyuma kama unataka kubana sarafu katikati ya mgongo. Kidole gumba kizunguke chuma, kisilale upande mmoja na wenzake, maana chuma kikiteleza hakichagui pa kuangukia. Shusha taratibu mpaka chini kidogo ya chuchu, viwiko visitanuke kama mbawa za kuku anayekimbizwa. Sukuma. Na mtu asilale chini ya chuma bila mwenzake kusimama kichwani, tayari kukipokea. Na kama ni mbishi, lazima afanye peke yake, basi asifunge vibano vya pembeni, ili akizidiwa aweze kukiinamisha uzito umwagike upande mmoja.

"Hayo ndiyo yote?" nilimuuliza.

"Hayo ndiyo yote. Utayasema mpaka uzeeke, na hawatayasikia."

Kwa hilo hakukosea hata nukta. Wanaume wa Geita walitaka kifua tu. Ukiwaambia miguu, mgongo, tumbo, wanakutazama kama umewaomba wakusaidie kuosha vyombo. Nilikuwa na mafundi wenye vifua vya kutisha na miguu ya korongo, wakipanda ngazi wanashika ukuta. Lakini walipona majeraha yao, wengi wao, na mimi nikajifunza kugusa bega la mtu nikajua linasema nini kabla yeye hajaanza kunidanganya.

Mgodi ule ulipofungwa, Bwana Alfonsi alirudi kwao Ushirombo akalime, na mimi nikapata kazi Shinyanga, kwenye hospitali ya mgodi mwingine. Nilikuwa nimeolewa, nimeshazaa mapacha wangu Kulwa na Doto, na gauni jeupe lilikuwa limeacha kusimama lenyewe. Chumba cha mazoezi cha huko kilikuwa kati ya hospitali na klabu ya wafanyakazi, na vyuma vyake vilikuwa ekseli na magurudumu kama ya Geita. Asubuhi kilikuwa cha wagonjwa wangu, jioni cha wanamichezo, na saa zote kilikuwa cha kelele.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho ndipo ilipokuja mashine. Ilishushwa stesheni ndani ya sanduku kubwa la mbao, ikaletwa kwa lori, na wanaume waliokuwa wanajisifu kwa kubeba vyuma wakaishusha kwa kutukanana. Ilikuwa na kiti, vishikio viwili vya kusukuma mbele, waya uliopita kwenye vigurudumu vya kapi, na nyuma yake vipande vya chuma vilivyopangana kama matofali. Unachomeka pini pale unapotaka uzito, unakaa, unasukuma. Fundi aliyeiunganisha alimaliza, akabaki na nati kadhaa mkononi, akazitazama, akaziweka mfukoni. Nilimuona. Nilimwambia. Akasema hizo ni za akiba.

Aliyeileta ni Bwana Lukindo, afisa ustawi wa wafanyakazi, kijana msafi mwenye kalamu nyingi mfukoni mwa shati. Aliipenda mashine ile kama gari lake.

"Mama Kulwa, dunia imeshatoka huko kwenye kunyanyua magurudumu. Hii ndiyo ya kisasa. Mtu hawezi kuumia hata akitaka."

"Umeshaijaribu?"

"Mimi kazi yangu ni kuleta vifaa."

Wanyanyua vyuma nao walikuja kuizunguka mashine kama ng'ombe mgeni mnadani. Mmoja akasema hicho ni kiti cha kinyozi. Mwingine akasema ni cha kina mama waliotoka kujifungua. Kuanzia jioni hiyo chumba changu kikagawanyika, wa mashine huku na wa vyuma kule, na kila upande ukinivuta kanga nije kusema wenzao ni wajinga. Nilikuwa tayari kusema hivyo kwa pande zote, lakini hawakutaka jibu la namna hiyo.

Nilichokiona mimi ni hiki. Mashine inakushikia njia. Unachofanya ni kusukuma, yenyewe inajua inakoenda, kwa hiyo kwa mtu dhaifu, mtu anayeogopa, mtu aliyetoka kwenye plasta, ni rafiki mzuri. Akichoka anaachia, vipande vinashuka, hakuna wa kumlilia. Lakini njia ile ilichorwa na mtu ambaye hajawahi kuona bega lako. Kiti kikiwa chini sana, vishikio vinakuja usawa wa shingo na bega linasagika. Nilirekebisha kiti kile mara zisizohesabika, kwa sababu kila aliyemaliza aliacha kama kilivyo na aliyefuata alikaa tu akaanza kusukuma. Vyuma navyo havikushikii chochote. Lazima uvisukume na uvitulize kwa wakati mmoja, na huko kutuliza kunaamsha misuli midogo ya bega na mbavu ambayo mashine inaiacha imelala. Ubaya wa vyuma mnaujua. Kimoja kinakufundisha nguvu, kingine kinakufundisha kuitawala, na mtu mwenye akili anatumia vyote. Nilisema hivyo kwenye kikao cha klabu. Wakapiga makofi, wakaendelea kubishana.

Mkubwa wa watu wa vyuma alikuwa Shija. Alifanya kazi kikosi cha mabomba, wale wanaofunga mabomba makubwa ya maji mgodini: mmoja analishikilia bomba juu ya kichwa, mwenzake anakaza nati. Shija ndiye aliyekuwa akishikilia. Mnajua kwa Wasukuma Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Alipojua mimi ni Mama Kulwa, akajitangaza kuwa mwanangu, akawa ananiita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu, una Kulwa, una Doto, Shija ndiye huyu hapa," alikuwa akiniambia kila akitaka nimwachie benchi kabla ya zamu ya wengine. Alikuwa mcheshi, mkaidi, na kifua chake kilikuwa kinaingia chumbani kabla yake. Nilimpenda, na alinichosha kuliko wanangu wa kuwazaa.

Mchana mmoja, watu wakiwa wamekwenda kula, nilikuwa wodini. Niliporudi nikasikia kitu kama mtu anayekoroma. Shija alikuwa benchini, chuma kimemlalia kifuani karibu na koo, macho yamemtoka, mkono mmoja unasukuma na mwingine umelegea. Alikuwa amekuja peke yake, ameweka uzito ambao hata siku ya mashindano hakuugusa, na amefunga vibano pande zote mbili. Nilipiga kelele, akaja Minza, mama aliyekuwa akifanya usafi. Tulishika upande mmoja, sote wawili, tukainua kidogo, haukwenda popote. Nikamwambia Minza aingize bega lake chini ashikilie, nikakimbilia kibano, nikakigonga kwa kiatu mpaka kikafunguka. Magurudumu ya upande ule yakamwagika sakafuni, chuma kikaruka upande wa pili kwa kishindo kilichovunja kigae, na Shija akavuta pumzi kama mtoto anayezaliwa.

Jambo la kwanza alilosema, akiwa bado amelala, ni hili: "Mayu, usiwaambie."

"Nisiwaambie nini? Kwamba huna akili? Wanajua."

Halafu akajaribu kuinuka, akashika kwapa la kulia, akaanza kulia. Msuli wa kifua ulikuwa umechanika karibu na unapoungana na mkono. Kesho yake mkono wote ulikuwa mweusi hadi kwenye kiwiko, na mahali ambapo kifua kinatakiwa kijaze kwapa palikuwa na shimo. Daktari alisema upasuaji wa namna ile hapo kwetu hauwezekani. Mkono ufungwe kifuani, kovu lijishike, kisha mazoezi. "Atakuwa mikononi mwako, Mama Kulwa," akaniambia, kana kwamba ananipa zawadi.

Bwana Lukindo alifika na kufuli. Vyuma vyote, chuma kirefu, magurudumu, benchi, vikaingia stoo, na mlango ukafungwa. Kuanzia siku hiyo, alisema, ni mashine tu. Nilimwambia aliyeumia amevunja kila sharti tulilompa, kwa hiyo tukaze masharti. Akaniambia, "Mama Kulwa, sharti kubwa kuliko yote ni kufuli." Alifurahishwa na maneno yake mwenyewe hivi kwamba niliyasikia tena akiyarudia koridoni.

Mkono wa Shija ulipofunguliwa, nilimkalisha kwenye kiti cha kinyozi.

"Hapa sikai."

"Kaa."

"Mayu, wenzangu watapita dirishani."

"Wapite. Wakiuliza, waambie unanyolewa."

Alikaa. Pini niliichomeka kipande cha juu kabisa, kile ambacho mama mzazi angesukuma akinyonyesha. Alisukuma, akatetemeka, jasho likamtoka, akaniangalia kwa aibu kubwa. Hapo nilishukuru kuwa na mashine, na ninaandika wazi ili msiseme baadaye kwamba niliichukia. Kwa msuli ule uliochanika, kitu chochote cha kuyumba kingemrarua upya. Mashine ilimpa njia iliyonyooka. Tulipandisha pini taratibu, kipande kimoja baada ya kingine, na kila mara nilimzuia asirukie viwili. Alinung'unika, aliimba, alinitukania mashine. Lakini alikuja kila asubuhi, na mkewe alikuja naye mara nyingi, akikaa mlangoni na mtoto mgongoni, haongei, anatazama tu ule mkono. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya mgodi. Mume akiachishwa kazi, na nyumba inakwenda.

Siku aliposukuma vipande vyote, Bwana Lukindo aliitwa kuja kushuhudia. Nusura apeane mkono na mashine. Shija akarudishwa kikosini kwake bila mimi kuulizwa. Nilisema bado. Nikaambiwa anasukuma mzigo kuliko watu wazima wasio na jeraha, sasa bado nini?

Asubuhi yake ya kwanza mgodini alilishikilia bomba juu ya kichwa kama zamani. Mwenzake, Mabula, alikuwa chini yake anakaza nati. Mkono wa kulia ulianza kucheza. Haukukosa nguvu ya kusukuma, ulikosa utulivu. Bomba likazunguka, likamponyoka, likapita kando ya kichwa cha Mabula na kumchubua sikio. Mabula alikaa chini kwenye tope akiwa ameshika sikio. Shija ndiye aliyepiga kelele.

Aliletwa kwangu bila mzaha hata mmoja, na hilo kwa mtu yule lilinitisha kuliko jeraha. Daktari alimpa muda, kisha angepimwa mbele ya msimamizi wa kikosi. Akishindwa tena, ataandikwa hafai kwa kazi.

Nikaenda kwa Bwana Lukindo.

"Nifungulie stoo. Nahitaji vyuma vidogo vya mkono na benchi."

"Mama Kulwa, vyuma ndivyo vilivyomuumiza."

"Ujinga ndio uliomuumiza. Sasa mkono una nguvu lakini haujui kutulia. Mashine haiwezi kumfundisha kutulia, kwa sababu yenyewe ndiyo inayotulia."

"Vyuma vimepigwa marufuku ndani ya chumba kile. Nikikufungulia wewe, nitawafungulia wote."

"Mtu atapoteza kazi."

"Na mwingine angepoteza kichwa. Samahani, mama."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapata nafuu, huyu alikuwa na adabu na alikuwa na kufuli.

Nilirudi nyumbani kwa hasira, nikapita karakana, nikaona makopo matupu ya rangi yametupwa nyuma ya ukuta. Nikaomba machache, makubwa kwa madogo. Nikayajaza mchanga, nikayafunga vifuniko kwa waya, nikayatia vishikio vya kamba iliyosukwa. Benchi nilipata la kukalia wagonjwa, lile la mapokezi. Shija alipoona vitu vile alicheka kwa mara ya kwanza tangu bomba lianguke.

"Mayu, tunapaka nyumba?"

"Lala."

Alilala chali, kopo dogo kila mkono. Mkono wa kushoto ulikwenda juu ukasimama. Wa kulia ulikwenda juu ukaanza kutangatanga kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mchanga ndani ya kopo ulikuwa unahama, kila akiyumba nao unayumba, na hilo lilikuwa gumu kuliko vyuma vya kweli. Nilisimama kichwani kwake, viganja vyangu chini ya viwiko vyake. "Usisukume," nilimwambia. "Shikilia tu. Hesabu ng'ombe wa baba yako." Baadaye tukaongeza kufungua mikono pembeni na kuirudisha juu ya kifua, kama mtu anayekumbatia pipa, viwiko vimepinda kidogo, ashuke pale tu kifua kinapoanza kuvuta. Halafu kusukuma kopo moja moja. Halafu kusimama, kopo juu ya kichwa, akitembea chumbani wakati Minza anampigia ufagio miguuni ili asijue wapi pa kukanyaga.

Bwana Lukindo aliingia siku moja, akasimama.

"Hivi ni nini?"

"Makopo."

"Ndani yake?"

"Mchanga."

Alizunguka, akalinyanyua moja, akaliweka chini. Nilimuona anatafuta marufuku inayohusu mchanga. Akaikosa. "Mama Kulwa," akasema kwa uchovu mkubwa, "wewe utanimaliza." Akatoka. Nafikiri ni mara pekee tulipoelewana.

Siku ya kipimo tulikwenda mgodini wote: daktari, msimamizi, mke wa Shija na mtoto, na mimi na viatu vyangu vya hospitali kwenye tope. Aliyetakiwa kukaza nati chini ya bomba angeweza kuwa mtu yeyote. Msimamizi aliuliza nani yuko tayari. Watu wakatazama udongo. Mabula, mwenye kovu sikioni, akachukua spana bila kuulizwa mara ya pili, akaingia chini.

Shija akainua. Bomba lilipanda, likasimama. Nilikuwa natazama bega lake la kulia na wala si bomba. Lilitetemeka kidogo, nikauma ulimi. Likatulia. Mabula akaanza kukaza, na naapa kwamba hajawahi kukaza nati polepole namna ile maishani mwake. Kila alipomaliza moja alimtazama Shija machoni, kisha anakwenda nyingine. Ilipokwisha, Mabula akatoka chini, akagonga bomba kwa spana, akasema, "Limefunga." Mke wa Shija akakaa chini palepale kwenye tope. Daktari akaandika kwamba anafaa.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Jioni ileile klabuni watu wa vyuma walikuwa wanashangilia kwamba makopo ni vyuma tu vya maskini, kwa hiyo vyuma vimeshinda. Bwana Lukindo kwenye kikao cha wafanyakazi akasimama kueleza jinsi mashine ya kisasa ilivyomrudisha kazini mfanyakazi hodari. Nilikaa mstari wa nyuma. Nilitaka kusimama niseme kwamba bila mashine msuli usingeshikana, na bila makopo Mabula angekuwa marehemu, lakini nilijua wangepiga makofi na kuendelea kubishana. Nikaenda nyumbani kupika.

Wiki haikuisha vizuri nikasikia Shija ameacha kazi. Ameacha mwenyewe, kwa mdomo wake. Binamu zake walikuwa wamepata dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo huko upande wa Geita, naye anakwenda. Niliacha mgonjwa kitandani, nikaenda stendi nusu nikikimbia, nikamkuta juu ya lori, kati ya magunia na masufuria, mkewe kando yake, mtoto amelala.

"Wewe! Shuka hapa."

"Mayu, shikamoo."

"Usinishikamoo. Nimejaza mchanga kwenye makopo kwa mikono yangu. Nimegombana na wakubwa. Mabula ameingia chini ya bomba kwa ajili yako. Umepata kazi, una nyumba, unakwenda kufukiwa kwenye shimo?"

Alishuka, akasimama mbele yangu, kichwa ameinamisha kama mtoto kweli. Akaichukua mikono yangu kwa ile yake miwili, na wa kulia ulikuwa umetulia kabisa.

"Mayu, wewe ulinirudishia mkono," akasema. "Hukuniambia niutumie wapi."

Nilitafuta la kumjibu. Nilitafuta muda wote dereva alipokuwa anawasha gari, na Shija alipojivuta juu kwa mkono ule wa kulia kana kwamba haukuwahi kuumia, na mkewe aliponipungia. Mkewe huyo aliniambia tu, "Wabeja, mama," yaani asante, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akisema neno. Lori likaondoka.

Nikarudi kazini na vumbi hadi kwenye nyusi. Mgonjwa niliyemwacha, dereva mnene aliyekuwa na bega lililokakamaa, alikuwa amechoka kusubiri na ameamua kuanza mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye mashine kinyume, uso umeelekea mgongo wa kiti, miguu imening'inia pembeni kama aliyepanda punda, anavuta vishikio ambavyo vinatakiwa kusukumwa, na ananiangalia kwa fahari.

"Mama Kulwa, nimeanza vizuri?"

"Shuka," nikamwambia, nikavua viatu nikakung'uta mchanga. "Shuka, baba. Tuanze upya."